Adabu bila ibada: mwongozo kamili wa kutembelea mahekalu ya Kibuddha Sri Lanka

Wengi wetu tunaopanga safari ya Sri Lanka huwa na swali ambalo vipeperushi vya utalii havilijibu: nikivua viatu mbele ya sanamu ya Buddha, je, nitakuwa nimeabudu? Muislamu wa Unguja huliuliza, Mlokole wa Nairobi huliuliza. Wapo ambao kwa wasiwasi huo hubaki ndani ya basi wenzao wakiingia hekaluni, wakakosa sehemu iliyo bora kuliko zote katika safari waliyoilipia.

Jibu ni hapana. Mgeni hatarajiwi kusujudu, kuimba wala kuchoma udi, na hakuna mtawa atakayemlazimisha. Anachodaiwa ni adabu ya mwili: mabega na magoti yafunikwe, viatu vibaki nje, nyayo zisielekezwe kwenye sanamu, sauti ishuke. Mtu anaweza kuyatimiza hayo yote kikamilifu na imani yake ikabaki palepale ilipokuwa. Kila hatua hapa chini nimeipima kwa mpaka huo kati ya adabu na ibada, na pale mpaka unapokuwa mwembamba nitasema.

Nimechagua Sri Lanka kwa sababu kule Ubuddha ni maisha ya kila siku. Uliingia kisiwani karne ya 3 kabla ya Kristo, na leo takriban asilimia 70 ya wananchi ni Wabuddha. Stupa (mnara wa kuba wa Kibuddha) ya miaka 2,000 ambayo wewe umeilipia kiingilio kama kivutio, bibi aliye mbele yako kwenye foleni ameijia na maua ili amwombee mwanawe. Kumbuka hilo na nusu ya kanuni zilizobaki zitakujia zenyewe.

Jua kwanza uzito wa jambo

Kudharau dini au mahali pa ibada ni kosa la jinai Sri Lanka, na sheria hiyo hutumika kwa wageni. Mwaka 2012 Wafaransa 3 walihukumiwa kifungo cha miezi 6 kilichoahirishwa kwa miaka 5, kwa sababu ya picha walizopiga wakijifanya wanaibusu sanamu ya Buddha. Walikamatwa baada ya kupeleka picha zao kusafishwa katika studio ya mjini Galle, na studio ikaita polisi. Mwaka 2010 mwanamuziki Akon alinyimwa viza baada ya watu kulalamikia video yake, ambamo sanamu ya Buddha ilionekana nyuma ya watu wanaocheza kwenye bwawa la kuogelea.

Kesi inayofundisha zaidi ni ya mwaka 2014. Muuguzi kutoka Uingereza alikamatwa uwanja wa ndege kwa sababu ya tatuu ya Buddha kwenye mkono wake, akazuiliwa siku kadhaa, kisha akafukuzwa nchini. Yeye mwenyewe alikuwa akiufuata Ubuddha, na tatuu ile aliichora kwa mapenzi. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliamua kwamba haki zake zilivunjwa, ikaamuru alipwe fidia ya rupia 800,000. Alishinda, lakini ilimchukua miaka 3. Nia njema haimwokoi mtu papo hapo, kwa sababu aliye mbele yako haoni nia, anaona mkono.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Kagua mwili na begi. Mwenye tatuu ya Buddha au ya alama ya Kibuddha aifunike kwa mikono mirefu tangu anaposhuka kwenye ndege hadi anapoondoka, hata ufukweni. Fulana, mkoba au kava la simu lenye picha ya Buddha liache nyumbani.

Angalia kalenda ya mwezi. Kila mwezi mpevu ni sikukuu inayoitwa Poya, nchi nzima hupumzika, na pombe haiuzwi. Ni siku nzuri mno ya kuona watu waliovaa mavazi meupe wakimiminika mahekaluni, lakini ni siku mbaya kwa anayetaka picha za majengo matupu. Poya ya Mei ni Vesak, inayokumbuka kuzaliwa kwa Buddha, kuelimika kwake na kufariki kwake. Barabara hujaa taa za karatasi, na watu hugawa chakula na vinywaji bure kwa kila apitaye. Ukikaribishwa, pokea. Chakula kile ni sadaka kwa binadamu, hakikutolewa kwa sanamu, na kukikataa humuumiza anayekitoa. Poya ya Juni, Poson, huwapeleka maelfu ya mahujaji Mihintale, kilima ambako inaaminika mtawa Mahinda alikutana na mfalme Devanampiya Tissa na dini ikaanza kisiwani. Siku hizo vyumba hujaa, kwa hiyo panga mapema.

Aliye Dar es Salaam anaweza kuanza mazoezi bila pasi. Upanga kuna hekalu la Kibuddha lililoanzishwa na Wasinhala wa Sri Lanka waliokuja kufanya kazi mwanzoni mwa karne ya 20. Nenda kwa adabu, uliza kama unaweza kuingia, vua viatu, tazama. Ukifika mji wa Kandy kule Sri Lanka hutakuwa mgeni kabisa.

Nguo

Kipimo ni kimoja kwa mwanamume na mwanamke: mabega na magoti yasionekane. Kaptura, singlendi, taiti za kubana na blauzi za mgongo wazi ziache hotelini siku ya hekalu. Sisi wa pwani tumejaliwa hapa. Kanga moja mabegani na kikoi kimoja kiunoni vinatosha kumwingiza mtu aliyetokea ufukweni, na vikikunjwa havijazi begi. Wanaume wa kule huvaa saruni kama msuli wetu, kwa hiyo hakuna atakayeshangaa. Ukisahau, getini pa mahekalu makubwa utapata kitambaa cha kununua au kukodi.

Waumini huvaa nyeupe. Mgeni halazimiki, ingawa rangi nyepesi hupendeza wenyeji, tena hupunguza joto.

Kofia huvuliwa, mwavuli hufungwa. Mwenye hijabu, akiulizwa mlangoni, aeleze kwa utulivu kwamba ni vazi la dini. Kusema mapema ni bora kuliko kubishana ukiwa umeshazuia foleni.

Getini

Sri Dalada Maligawa, hekalu la Kandy linalotunza jino linaloaminika kuwa la Buddha, lilishambuliwa kwa bomu mwezi Januari 1998. Tangu hapo kila anayeingia hupekuliwa, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Usilalamike kuhusu upekuzi huo. Watu waliuawa pale.

Kisha viatu. Kuna watunza viatu karibu na mlango. Unaviacha, unapewa namba, na ukirudi unatoa pesa kidogo. Weka noti ndogo mfukoni kwa ajili hiyo. Soksi zinaruhusiwa Sri Lanka, na nasisitiza uzibebe: sakafu za mawe zinazozunguka stupa za Anuradhapura, mji mkuu wa kale, huunguza nyayo saa sita mchana, na mtu anayerukaruka kwa kuungua hawezi kuonekana mwenye utulivu hata akitaka. Nenda asubuhi mapema au baada ya saa kumi jioni.

Jambo linalowakosesha wengi ni magofu. Mtu anafika Polonnaruwa, mji mkuu wa karne za 11 hadi 13, anaona nguzo zilizovunjika na paa halipo, anadhani pameshakuwa makumbusho. Anapanda ngazi za Vatadage, hekalu la duara, na viatu vyake na mlinzi anampigia filimbi. Pahala pale pana sanamu za Buddha zilizoketi zikitazama pande nne, na utakatifu wake haukuondoka na paa. Kanuni ya kukusaidia: ukiona viatu vimepangwa chini ya ngazi, vua. Usipoviona, uliza. Na usikanyage wala kukalia jiwe lililochongwa, hata kama limelala kwenye nyasi kama limetupwa.

Ukiwa ndani

Tembea taratibu. Stupa huzungukwa kwa kufuata mshale wa saa, bega la kulia likiwa upande wake. Aliyezoea tawafu ya Makka aangalie hapa, maana mwelekeo ni kinyume na mwili wake utataka kwenda kwa mazoea. Kuzunguka huku kwa muumini ni tendo la ibada. Kwa mgeni ni kufuata mkondo wa watu ili asigongane nao. Ukiona hata hivyo moyo haukubali, simama pembeni. Hakuna atakayekuhoji.

Usiketi ukiwa umenyoosha miguu kuelekea sanamu au mtawa. Kunja miguu pembeni au piga magoti. Ukitaka kumwonyesha mwenzako kitu, tumia kiganja kilichofunguliwa badala ya kidole. Sanamu haiguswi, haiegemewi, na mtoto haketishwi mapajani mwake. Wazazi, hili nawaomba mlisimamie kabla hamjaingia, kwa sababu sanamu iliyolala pale Gal Vihara, Polonnaruwa, ina urefu wa mita 14 hivi, na kwa macho ya mtoto ni kitu cha kupandia.

Pale Anuradhapura umesimama Jaya Sri Maha Bodhi, mti wa jamii ya mikuyu unaoaminika kuoteshwa kutoka tawi la ule mti ambao Buddha aliketi chini yake akaelimika. Sanghamitta, binti wa mfalme Ashoka, aliuleta kutoka India katika karne ya 3 kabla ya Kristo, na umetunzwa bila kukatizwa hadi leo. Ni mti mwembamba kuliko unavyofikiria, matawi yake yameegemezwa kwa nguzo, na kuna ua unaouzunguka. Wapo wageni wanaoondoka wamekata tamaa kwamba hawakuona jitu. Kaa dakika 20 chini ya ukuta, sikiliza watu wakinong'ona sala, utaona kwamba ulichokuja kukiona ni wao pamoja na mti. Usichume jani. Usipitishe mkono ndani ya ua.

Picha

Makosa mengi hutokea hapa, na karibu yote hutokana na pozi moja: kuipa sanamu mgongo ili wewe na sanamu mtokee pamoja. Kwetu ni picha ya kawaida ya mtalii. Kwao ni dharau ya wazi, na ndiyo sababu selfi na sanamu haifai. Ukitaka picha ya sanamu, igeukie, piga, shusha simu. Ukitaka picha yako mwenyewe, tafuta ukuta, ngazi, bustani au stupa ikiwa mbali.

Flashi izimwe tangu hotelini. Katika hekalu la Dambulla, lenye mapango 5 yaliyojaa sanamu na michoro ya dari hadi ukutani, mwanga wa flashi huharibu rangi za kale, na giza la mle litakushawishi kuiwasha. Droni hairushwi bila kibali. Palipo na kibao cha kukataza picha, hata simu isinyanyuliwe.

Watu ni jambo gumu zaidi kuliko sanamu. Mama aliyefumba macho mbele ya taa yake hakuja pale kuwa pambo la ukurasa wako. Mimi naona anayesali asipigwe picha ya karibu kabisa, hata kama hakuna kibao kinachokataza. Ukimkuta baadaye nje, amekaa kivulini na wajukuu, salimia kwa kuunganisha viganja na kusema "Ayubowan", kisha omba. Wengi hukubali, tena kwa furaha.

Watawa

Mtawa hamgusi mwanamke, na mwanamke hamgusi mtawa, hata kwa bahati mbaya ya kupeana kitabu. Dada anayetaka kumpa kitu akiweke mezani au ampe mwanamume amkabidhi. Mwanamume atoe kwa mikono miwili. Mkono wa kusalimia usinyooshwe. Viganja vikutane kifuani na kichwa kiinamishwe kidogo. Kuinamisha kichwa huku ni salamu kwa mtu mzima anayeheshimiwa, na Mswahili aliyefundishwa kushika shikamoo hatapata shida nayo. Wakati wa kuzungumza naye unaweza kumwita "Bhante".

Mtawa akiketi, usisimame ukimtazama kutoka juu. Keti, na keti chini kidogo kuliko yeye. Watawa hawali chakula kigumu baada ya saa sita mchana, kwa hiyo usimwalike kwa chakula cha mchana kilichochelewa wala kumtafunia mbele yake. Kwenye mabasi, viti vya mbele kabisa vimetengwa kwa watawa na viongozi wa dini. Akiingia mtawa, mpishe, na mwanamke asikae naye kiti kimoja.

Pesa zisiwekwe mkononi mwa mtawa. Kila hekalu lina sanduku la sadaka. Atakapokuja mtu asiye na sare, akakupeleka kona na kudai "mchango" huku akikuonyesha daftari lenye majina ya wageni na viwango vikubwa, mshukuru na uelekee kwenye sanduku.

Maua, taa na uzi

Hapa ndipo mpaka wa adabu na ibada unapokuwa mwembamba.

Nje ya kila hekalu huuzwa maua: yungiyungi, asumini na mengine. Kuyanunua na kuyaweka mezani mbele ya sanamu ni sadaka. Kwa Wabuddha wengi maua hayo ni ukumbusho kwamba uzuri hunyauka, na mgeni anayeweka ua kwa heshima anakaribishwa, lakini asiyetaka hakosei chochote kwa kutoweka. Ukiyabeba, usiyanuse, harufu ya kwanza ni ya sadaka, na kunusa ni kama kuonja chakula kabla ya kumpa mgeni. Taa za udongo zinazowaka mafuta ya nazi nazo ni za sala. Usiwashe sigara wala kijiti chako cha udi kwenye taa ya mwenzio.

Uzi mweupe ni mtihani mwingine. Mtawa hufunga uzi kwenye kifundo cha mkono huku akisoma baraka. Mwingine ataupokea kama mtu anavyopokea dua ya mzee wa dini nyingine. Mwingine dhamiri yake haimruhusu. Wote wawili wako sawa. Anayekataa aunganishe viganja, atabasamu, arudi nyuma hatua moja. Hakuna haja ya hotuba kuhusu imani yake. Aliyeupokea asiuvue na kuutupa kwenye pipa la takataka mbele ya mlango.

Ukienda Kandy, lenga saa ya ibada, ambazo kwa kawaida ni 3 kwa siku: saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa tatu na nusu asubuhi, na saa kumi na mbili na nusu jioni. Ngoma huanza chini, mlango wa chumba cha juu hufunguliwa, na watu hupita kwa foleni wakiwa na maua. Jino lenyewe hulioni. Unaona kasha la dhahabu ambamo limehifadhiwa, kwa sekunde chache. Usisimame dirishani kutafuta picha. Nyuma yako kuna mtu aliyesafiri usiku kucha kwa ajili ya sekunde hizo. Asiyetaka kupita mbele ya kasha asikilize ngoma akiwa chini, na kwa masikio yangu hiyo ni sehemu isiyopungukiwa na kitu.

Mlima wa dini nne

Msomaji wa Kiswahili asiikose Sri Pada, mlima wa mita 2,243 wenye alama ya unyayo kileleni. Wabuddha husema ni wa Buddha, Wahindu husema ni wa Shiva, Waislamu huuhusisha na Nabii Adam, na Wakristo wengine na Mtume Tomaso. Ibn Battuta, yuleyule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliupanda miaka 13 baadaye kama hujaji Muislamu. Kwa hiyo hapa hakuna wa kubaki ndani ya basi.

Msimu ni kuanzia Poya ya Desemba hadi ya Mei. Watu hupanda usiku, ngazi zaidi ya 5,000 kwa njia ya Nallathanniya, ili wafike kileleni jua linapochomoza. Beba nguo ya baridi, nenda mwendo wa wazee walio mbele yako, wala usiwasukume wala kupiga muziki wa simu. Kileleni viatu huvuliwa kama kwenye hekalu lolote. Kuna kengele: kila mtu huipiga mara nyingi kama idadi ya safari alizopanda, na mgeni hupiga moja tu. Takataka zako shuka nazo.

Ukikosea

Mlinzi akipiga filimbi, acha ulichokuwa ukifanya kwanza, ndipo uulize kosa ni nini. Viganja pamoja, "samahani" kwa Kiingereza au kwa ishara, na jambo huisha. Ukiambiwa ufute picha, ifute mbele yake bila mjadala. Kinachoifikisha safari polisi ni ubishi, kicheko, au picha ya dhihaka iliyokwisha kupandishwa mtandaoni. Vitu vya kale navyo havitoki nchini bila kibali, kwa hiyo sanamu kuukuu inayouzwa kwa siri karibu na magofu usiiguse.

Ukivuka kwenda nchi nyingine

Mengi ya haya yanafaa Thailand, Laos na Myanmar, ila chunguza tofauti. Myanmar hata soksi huvuliwa. Huko pia, mwaka 2016, mtalii Mholanzi aliyechoka na kelele usiku alichomoa waya wa kipaza sauti kwenye mahubiri ya Kibuddha mjini Mandalay, akafungwa miezi 3. Ikulu Kuu ya Bangkok, penye hekalu la Wat Phra Kaew, mwenye kaptura haingii kwa kuomba. Anaingia kwa suruali. Milango mingi ya Thailand ina kizingiti kilichoinuka: kiruke, usikikanyage. Kwenye magurudumu ya sala ya Nepal, zungusha kwa kufuata mshale wa saa au usizungushe.

Na Luang Prabang, Laos, ambako watawa hupita alfajiri kupokea chakula, simama ng'ambo ya barabara kama umekuja kutazama tu. Ukitaka kutoa, nunua wali sokoni mapema badala ya kwa wachuuzi wanaowasonga watalii njiani, vua viatu, keti chini kuliko watawa, toa kimya, na simu ibaki mfukoni.